Mchaichai wa Barabara ya Nyangwe

Baba yangu alikuwa kantonye. Alitunza kipande cha barabara inayotoka Kasongo kwenda Nyangwe, kuanzia nyumba ya mwisho ya mtaa wetu mpaka kijito cha pili, kwa jembe na upanga, na Leta ilimlipa. Kisha Leta, yaani serikali, ikaacha kumlipa. Yeye hakuacha. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba maji hayaulizi kama umelipwa. Mama akisikia hivyo aligeukia jiko lake, maana jibu hilo halipikiki.

Nilianza kumfuata nikiwa mdogo, nikaendelea hata nilipokuwa na mke, na baiskeli ya kupakia samaki wa Nyangwe. Mvua ikikatika tu, kabla jua halijakausha kitu, tulikuwa njiani. Wengine hungoja udongo ukauke ndipo watoke, na baba alisema hao wanapeleka dawa kwa mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Unatakiwa uikute barabara ingali imelowa, uone maji yamelala wapi na yanataka kwenda wapi, kisha uyafungulie mdomo pembeni yaingie porini. Barabara hailiwi na magari, alisema, inaliwa na maji. Na ukingoni mwa mfereji, pande zote mbili, alipanda mchaichai. Mizizi yake inashika udongo, mbuzi hawautaki, na hauombi kumwagiliwa. Sisi wapakia samaki tulijua kwa harufu kwamba tumeingia kwenye kipande chake. Akina mama walikuja kuukata kwa chai, na hapo ndipo baba aligomba kwelikweli. Kwa mshahara hakuwahi kugomba hivyo.

Macho yake yalipoingia ukungu, kazi ilibaki kwangu, bure vilevile. Nasema mapema ili usihangaike kutafuta: niliitaka kazi ile. Niliitaka iwe kazi ya kweli, yenye jina langu kwenye karatasi na mshahara mwisho wa mwezi, kwenye kipande kilekile. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa. Hata hiyo ilitosha kuniletea shida.

Watu wa mtaa wetu tunaitwa Waarabu. Ukituona utacheka. Mimi ni mweusi kama sufuria ya harusi, na nywele zangu zinavunja vitana. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya biashara, toka Tabora au toka pwani, kila mzee ana hadithi yake. Bibi zetu wote ni wa hapahapa. Tunasali, tunauza chumvi na sabuni, tunalima mpunga kama majirani zetu Wakristo, tunazikana nao na kukopeshana nao moto. Siku za kawaida hakuna tofauti. Tofauti hutokea kukiwa na kitu cha kugawa. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuna zaidi ya miaka mia hapa, na saa ya kugawa majembe ikifika, bado ni siku ya pili.

Basi ikatangazwa redioni kwamba barabara ya Kasongo kwenda Kabambare itatengenezwa. Wakasema pia kila njia inayotoka mjini itapewa makantonye wapya, wa kulipwa. Gredi ilifika, kubwa, ya manjano, na ilipita mbele ya msikiti wetu kwa sababu ndiko njia ilikotokea. Sote tulitoka kuitazama. Kisu chake kilikuwa kimeinuliwa juu, hakikugusa hata jiwe moja la mtaa wetu, kikaenda kushushwa huko mbele, inakoanza barabara ya Kabambare. Mzee mmoja alisema labda kinaogopa kuchafuka. Watu wakacheka, wakarudi ndani.

Nilikwenda ofisi ya barabara nikapewa fomu. Iliuliza jina, jina la baba, kijiji cha asili, na jina la shefu wa kijiji hicho. Niliijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Kwenye kijiji nikaandika Kasongo, mtaa wa msikiti. Kwenye shefu nikafikiri sana. Sisi hatuna shefu. Ukiwa na kesi ya mume na mke, au mbuzi amekula mpunga wa mtu, unakwenda kwa imamu. Kwa hiyo nikaandika jina la imamu.

Karani aliisoma na kucheka, bila ubaya. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita papa, yaani baba.

"Papa, hapa ni mahali pa shefu. Huyu anasalisha watu tu."

"Ni yeye anatuamua."

"Sawa, lakini Kasongo ni mji. Mutu hana asili ya mji. Mutu iko na kijiji. Baba yako alitoka kijiji gani?"

"Alizaliwa hapa."

"Na babu?"

"Hapa."

Alinirudishia fomu. Alisema bila barua ya shefu hawezi kuipokea, si kosa lake, ndivyo walivyoelezwa. Nikamuuliza wenzangu wote wa mtaa wafanye nini. Akasema ni kweli, wamekuja wengi, wote wameandika hivyohivyo.

Jirani yetu, mzee Mkristo aliyetunza kipande kinachofuata kile cha baba siku zile za mshahara, ndiye aliyenipa akili. Alikuja kunywa chai, akanivuta pembeni. Alisema mama yake baba yangu alitoka upande wa Wamaza, huko Kabambare, kila mtu mkubwa wa hapa anajua. Niende kwa wajomba, wana shefu wao, watanipa barua. "Mutoto wa binti yao ni mutoto wao," alisema. "Kwani utakuwa umesema uongo?" Nilitafuta uongo uko wapi, sikuuona haraka.

Niliacha baiskeli nyumbani. Nilikwenda kwa pikipiki kupitia Lusangi, na mahali fulani pikipiki ilishindwa, nikamaliza kwa miguu. Nilibeba chumvi na kitenge kwa ajili ya wazee. Niliwaza kwamba nitaeleza siku nzima mimi ni nani. Sikueleza hata kidogo. Nilitaja jina la bibi, la nyumbani kwao, na mwanamke mzee sana aliyekuwa anapepeta mchele akaacha ungo wake akaja kunipiga bega.

"Huyu ni mume wangu," akawaambia watu. "Alinikimbia kwa Waarabu. Leo amerudi, na ona, mikono mitupu."

Nikampa kitenge. Akasema kidogo nimejitetea.

Walinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Walinionyesha mahali palipokuwa nyumba ya baba yake bibi, ambapo sasa ni shamba la mihogo. Waliniletea kuku akiwa hai pamoja na kisu, kwa sababu huku kwetu Maniema mgeni Mwislamu anapewa achinje mwenyewe, ili sahani iwe moja. Nikachinja kwa bismillahi, mbele ya shefu, tukala wote. Baadaye shefu alinawa mikono, akaita mwandishi wake, akaanza kumwandikisha barua ya kuniondoa kwenye uislamu.

Hakuisema hivyo. Alisema tu kwamba jina langu la msikiti halitapita. Akanipa jina la kwao, zuri, la babu mmoja mwindaji. Kwenye jina la baba akasita.

"Baba yako pia ni jina la musikiti. Wakiona hilo, watauliza."

Aliwaza, kisha akamtaja binamu yake baba, mtu wa pale kijijini aliyefariki siku nyingi. Angefaa. Hakuacha mtoto wa kiume, asingelalamika. Mwandishi akaandika: mtoto wa fulani, marehemu. Yule bibi wa ungo akasema hawanipi baba huyo moja kwa moja, wananiazima tu, nikistaafu nirudishe. Nikacheka nao. Nilikuwa nikisikia aibu masikioni, kama joto la homa, kisha ikapoa, na tangu siku hiyo mambo mengi yamenipoa hivyo.

Nyumbani baba alikuwa kwenye mkeka wake, akaomba nimsomee barua. Nikasoma. Nilipofika penye jina la baba, nikatia jina lake. Sikusita, lilitoka lenyewe.

"Soma tena pale penye jina langu," alisema.

Nikasoma tena, polepole, jina lake na la baba yake. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaomba nimwachie kopi. Nilikuwa na kopi mbili, nikampa moja, akaiweka chini ya mto. Hakuweza kusoma hata herufi kubwa, kwa hiyo sikuona hatari.

Barua niliipeleka ofisini, na orodha ya makantonye wapya ikabandikwa ukutani baada ya wiki kadhaa. Tulikwenda wengi kutoka mtaani. Vijana wetu waliisoma juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Mmoja akasema, "Hakuna hata mutu mumoja wetu." Mimi nilisimama nyuma yake nikiangalia jina langu. Lilikuwa katikati, la mwindaji, na halikumwambia mtu yeyote kitu. Nikasema ndiyo, hakuna. Tukarudi pamoja.

Barabara ya Nyangwe ilikuwa na mstari wake pia kwenye orodha, na mbele yake palikuwa patupu. Niliuliza. Karani alisema njia hiyo haimo kwenye programu ya mwaka huu, pesa zimekwenda upande wa Kabambare, labda baadaye. Na mimi nimepangwa Wamaza, kwa sababu wenye asili ya mahali ndio wanaotunza mahali pao. Alinipongeza. Nilimwambia asante papa, na yeye ni mdogo kwangu, lakini ndilo neno lililokuja.

Ningeweza kukataa. Mke wangu aliniuliza nitakula nini nikikataa, na lilikuwa swali zuri. Nikaenda. Dada yangu, ambaye ni mjane na anaishi na wazazi, alisema atamwangalia baba. Baba alinipa jembe lake fupi. Nilimwambia huko wanagawa majembe mapya. Akasema jembe jipya halijui kitu, chukua.

Huko tulikaa kambini, kwenye mahema ya plastiki. Asubuhi kapita wetu, msimamizi wa kazi, alisimama na karatasi akaita majina, na likifika la mwindaji nilisema niko. Siku za kwanza nilichelewa kuitika, wakadhani labda nina shida ya masikio. Baadaye nilizoea. Mtu anazoea haraka kuliko anavyopenda kukubali. Kazi yenyewe niliijua kuliko wote, na kapita aliliona hilo mvua ya kwanza, nilipotoka peke yangu maji yakiwa bado yanatembea. Alikuwa mtu wa maneno machache, mtu wa Kabambare, mkali kwa wavivu. Hakuniuliza nilijifunzia wapi.

Walichinja wanyama kambini mara mojamoja, na mimi nyama ile sikuila, nilisema tumbo langu halitaki. Nilikula sombe, majani ya muhogo, na ugali. Hawakuwa wajinga. Siku moja kulikuwa na mbuzi, na waislamu wawili wenye lori walikuwa wageni wetu. Kapita akasimama katikati ya kambi akaniita kwa sauti, "Mwarabu, njoo uchinje, wageni wale." Watu wote walicheka, nami nikaenda, nikachinja. Hakuna aliyeshtuka. Kwenye karatasi nilikuwa mtu wa Wamaza, kwenye mbuzi nilikuwa Mwarabu, na kila mtu alijua kipi ni cha wapi.

Simu ilishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya kambi. Dada alinipata huko asubuhi moja, kabla ya kazi. Alisema baba amefariki alfajiri, baada ya kusali. Watamzika adhuhuri. Nikamuuliza kama mvua imenyesha huko. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Alisema ndiyo, usiku kucha. Akalia, mimi nikashikilia simu mpaka ikakatika.

Nilijua sitawahi maziko, hata kwa ndege. Lakini nilitaka niende, nikae kwenye mkeka na watu, nipewe pole. Kwa kufiwa na baba kuna siku tatu za ruhusa, na pikipiki ya kambi inakufikisha Kabambare. Nilikwenda kwenye meza ya karani wa kambi. Kapita alikuwa ameketi hapo anakunywa chai.

Nilisema nimefiwa na baba. Karani alinipa pole, akafungua faili yangu atie alama, akasoma, akainua macho.

"Lakini papa, hapa baba yako ni marehemu tangu zamani."

Niliona mambo yote vizuri. Nikisema huyu ndiye, yule wa kwenye karatasi si yeye, basi barua ni ya uongo, na shefu aliyeniazima jina ni mwongo, na kazi imekwisha siku hiyohiyo. Mke wangu na watoto walikuwa wanakula kazi hiyo. Kapita aliniangalia juu ya kikombe.

"Aliyekufa ni nani?" karani akauliza. Aliuliza kwa upole, alikuwa anatafuta njia ya kunisaidia.

"Jirani," nikasema. "Ni muzee wa jirani. Alinilea."

"Ah, pole sana. Kwa jirani hakuna siku."

"Najua," nikasema.

Nilikwenda kwenye mfereji. Nilichimba mpaka saa ya kuacha. Adhuhuri ilipofika nilisimamisha jembe nikaelekea upande niliodhani ni kibla, nikamsalia kimoyomoyo, watu wakidhani napumzika. Sikulia. Ningependa kusema nililia baadaye, lakini hata baadaye sikulia. Nilikuwa nimechoka kwenye mabega, hilo nalikumbuka.

Mapumziko yangu yalifika siku chache kabla ya arobaini. Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wanachagua mchele wa hitima uani. Waliacha kazi, wakanipa pole, mmoja akaniuliza kazi ilikuwa kubwa kiasi gani mtu asije kwa baba yake. Nilisema ilikuwa kubwa. Dada alinichukua nyuma ya jiko.

Alikuwa ameshika ile kopi, imekunjwa vilevile nilivyoikunja.

"Alisomewa," akasema. "Ijumaa ile ulipoondoka. Aliipeleka mwenyewe kwa imamu, akaomba asomewe yote."

Nilimuuliza imamu alisoma jina gani. Akasema, lililoandikwa.

"Akasema nini?"

"Nilimshika mkono mpaka nyumbani. Tulipofika akauliza barabara ya huko Wamaza ina udongo gani. Nikamwambia sijui. Kesho yake akataka nimpeleke kwenye kipande chake. Nikadhani anataka kukaa tu."

Hapo akanionyesha beseni bovu kando ya jiko. Ndani yake kulikuwa na miche ya mchaichai, imejaa, majani yamekatwa mafupi kama anavyokata mtu anayejua. Baba aliing'oa kwa mikono, kwa kupapasa, asubuhi nzima, mbele ya wapakia samaki waliodhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, anang'oa alichopanda. Alisema kipande chake hakina mtu tena, maji yatakichukua na mchaichai wake, ni bora kidogo uende mahali penye mtu. Nikija nipewe. Dada aliutunza akiumwagilia, ingawa alikuwa ameambiwa hauna haja.

Tulisoma hitima, tukala. Kesho yake nilifunga miche kwenye gunia lililoloweshwa maji nikaipakia nyuma ya pikipiki, na njia nzima dereva alisema namnukishia chai.

Niliipanda Jumatatu, ukingoni mwa mfereji, kwa jembe fupi. Kapita alikuja kukagua akiwa na karatasi yake ya majina, akasimama juu yangu.

"Hii majani ni ya nini?"

"Inashika udongo."

"Iko kwenye programu?"

"Hapana."

"Nani alikuambia uipande?"

"Baba," nikasema. Lilitoka lenyewe, kama siku ile ya barua.

Aliangalia karatasi yake. Akaniangalia mimi.

"Yule jirani?"

"Ndiyo. Yule."

Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Akasema niache nafasi ya kutosha kati ya shina na shina, akaenda kuwaona wengine.